Kupima Mwendo wa Macho katika Utafiti: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza, kwa Mfano wa Usomaji wa Kiswahili

Msomaji hudhani kwamba macho yake yanateleza juu ya mstari bila kusita, kama ngalawa inayosukumwa na upepo wa nyuma. Ukweli ni kwamba macho hutua juu ya neno kwa takriban robo ya sekunde, huruka, hutua tena mbele kidogo, na mara kwa mara hurudi nyuma kulitazama neno lililokwisha kupitwa. Na wakati wa kuruka huwa karibu hayaoni kitu. Tabia hiyo ndiyo inayomwezesha mtafiti kupima, milisekunde kwa milisekunde, mahali msomaji alipokwama na mahali alipopita bila shida.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtafiti wa isimu, saikolojia au elimu ambaye amepata nafasi ya kutumia kifaa cha kufuatilia macho lakini hajawahi kukaa upande wa mtafiti. Badala ya kuorodhesha mambo kwa ujumla, nitachukua utafiti mmoja wa mfano, unaohusu upatanisho wa ngeli katika usomaji wa Kiswahili, na kuupitia tangu swali hadi ripoti. Anayetafiti madereva, matangazo au watoto wachanga atalazimika kubadilisha baadhi ya vipimo, ingawa utaratibu wenyewe utabaki uleule.

Jicho lenyewe kwanza

Nyosha mkono mbele yako, inua kidole gumba na ukazie macho ukucha wake. Upana wa kidole hicho ni karibu digrii 2 za pembe ya kuona, na eneo dogo kama hilo ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Sehemu ya retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) inayofanya kazi hiyo huitwa fovea. Nje yake ukali hushuka upesi, na kwa kuwa herufi ndogo hazisomeki vizuri pembeni, macho hayana budi kuhamahama ili kuifikisha fovea kwenye kila neno linalohitajiwa.

Kipindi ambacho jicho limetulia mahali pamoja nitakiita tuo, na wingi wake matuo. Katika kusoma kimya kwa lugha zilizochunguzwa sana, hasa Kiingereza, tuo la kawaida huchukua milisekunde 200 hadi 250. Katika kutazama picha huwa refu zaidi. Safari ya kutoka tuo moja hadi jingine ni mruko, ambao wataalamu huuita sakadi. Mruko wa ndani ya mstari wa maandishi huchukua takriban milisekunde 30, na miruko mikubwa inaweza kupita kasi ya digrii 500 kwa sekunde. Upo pia mwendo wa tatu, yaani ufuataji laini, ambao jicho huutumia linapomsindikiza mwendesha bodaboda anayepita barabarani. Katika utafiti wa kusoma mwendo huo haujitokezi, lakini anayeonyesha video ni lazima auzingatie, kwa sababu programu nyingi za uchambuzi zimeundwa kutambua matuo na miruko tu.

Mfaransa Louis Émile Javal aliandika juu ya miruko ya macho katika kusoma mwishoni mwa miaka ya 1870. Baada yake Mmarekani Edmund Huey aliwavalisha wasomaji kikombe kidogo juu ya jicho, kilichounganishwa na kijiti cha alumini kilichochora mwendo wake. Namshukuru kwa data yake na nashukuru zaidi kwamba sikuwa mshiriki wake. Mwaka 1901 Raymond Dodge na Thomas Cline walipiga picha kimeta cha mwanga kilichoakisiwa na konea (tabaka angavu la mbele ya jicho), bila kuligusa jicho, na vifaa vingi vya leo bado vinasimama juu ya wazo hilo.

Kifaa cha sasa kina kamera na taa ya infraredi ambayo mshiriki haioni, au huiona kama wekundu hafifu. Kamera hutafuta vitu viwili: katikati ya mboni, na kimeta cha taa kwenye konea. Jicho likigeuka, mboni huhama zaidi ya kimeta. Kichwa kikisogea kidogo, vyote viwili huhama pamoja. Tofauti ya nafasi baina ya mboni na kimeta ndiyo inayobadilishwa kuwa nukta kwenye skrini. Mtafiti anayelielewa hilo atajua pa kutazama mambo yakiharibika, kwa sababu karibu kila hitilafu hutokana na mboni isiyoonekana vizuri au kimeta kilichopotea au kilichozidi kimoja.

Hatua ya kwanza: swali na sentensi zake

Swali la "watu wanatazama nini?" halipimiki. Swali linalopimika hutaja mahali, kipimo na tofauti inayotarajiwa. Katika Kiswahili cha pwani na cha vitabuni mtu husema "Kiti cha mwalimu kimevunjika", lakini katika mazungumzo ya kila siku ya wakazi wengi wa Nairobi, na katika baadhi ya lahaja za Kongo, ngeli nyingi hukusanywa chini ya kiambishi i-, na "kiti" huchukua "imevunjika" bila mtu kushtuka. Hivyo tunaweza kuuliza: je, msomaji aliyelelewa Unguja huchelewa zaidi kwenye "imevunjika" baada ya "kiti" kuliko msomaji aliyelelewa Nairobi, ingawa wote wawili walifundishwa sarufi ileile shuleni?

Hapo unajitokeza mtego wa kwanza. Neno "kimevunjika" lina herufi 11 na "imevunjika" lina herufi 10, na urefu wa neno ni miongoni mwa mambo yanayoathiri sana muda wa kulitazama. Tukilinganisha maneno hayo mawili moja kwa moja, hatutajua kama tunapima sarufi au herufi moja ya ziada. Dawa yake ni kuandaa kila sentensi kwa namna nne:

Kiti cha mwalimu kimevunjika tangu juzi.
Kiti cha mwalimu imevunjika tangu juzi.
Meza ya mwalimu imevunjika tangu juzi.
Meza ya mwalimu kimevunjika tangu juzi.

Sasa kila umbo la kitenzi ni sahihi katika sentensi moja na lina kosa katika nyingine, na swali letu linakuwa la tofauti ya tofauti, yaani kama pengo kati ya sahihi na kosa linatofautiana baina ya makundi mawili ya wasomaji. Tena mpangilio huu unatupa utabiri mkali zaidi: ikiwa tunachokiona ni mazoea ya lahaja, msomaji wa Nairobi atasamehe "Kiti … imevunjika" lakini hatasamehe "Meza … kimevunjika". Zingatia pia kwamba neno lengwa halipo mwanzoni wala mwishoni mwa sentensi. Mwanzoni macho bado yanajipanga, na mwishoni wasomaji hukaa zaidi kwa sababu ya kukusanya maana ya sentensi nzima.

Mshiriki mmoja asione namna mbili za sentensi ileile. Zigawe sentensi katika orodha nne kwa mraba wa Kilatini, yaani mpangilio ambao kila sentensi hutokea kwa namna moja tu katika kila orodha na namna zote nne hugawanywa sawa, kila mshiriki apewe orodha moja, kisha uchanganye na sentensi za kujazia ambazo hazina kosa, ili makosa yasionekane kila baada ya mstari. Kuhusu idadi, Marc Brysbaert na Michaël Stevens walipendekeza mwaka 2018, kwa majaribio ya kupima muda wa kujibu, vipimo visivyopungua 1,600 kwa kila hali, ambayo kwetu ni kila moja ya namna zile nne. Ukiwa na sentensi 80 za msingi, kila mshiriki ataona 20 katika kila hali, na washiriki 80 watakupa 1,600. Hiyo ni kwa kundi moja. Kwa Unguja na Nairobi, zidisha mara mbili. Hesabu hii huwakatisha tamaa wengi, lakini ni bora ikukatishe tamaa sasa kuliko baada ya kurekodi watu 20.

Hatua ya pili: kuchagua kifaa

Vifaa vya mezani vyenye kiegemeo cha kidevu na paji hurekodi vipimo 500, 1,000 au hata 2,000 kwa sekunde, na ndivyo vinavyofaa kwa kusoma. Vifaa vya mbali, ambavyo hubandikwa chini ya skrini na kumwacha mshiriki huru, mara nyingi hurekodi kati ya 60 na 300. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kwa vipimo 60 kwa sekunde, kimoja hufuata kingine baada ya milisekunde 16.7, kwa hiyo mruko wa milisekunde 30 hunaswa na vipimo viwili hivi. Unaweza kusema kwamba jicho lilihama, lakini huwezi kueleza kasi yake, wala huwezi kuitegemea tofauti ya milisekunde 15 kati ya matuo bila data nyingi sana. Kwa kupima ni picha ipi iliyotazamwa kwa muda mrefu zaidi kati ya nne, 60 zinatosha.

Miwani yenye kamera humfuata mtu anakokwenda, sokoni, jikoni au kwenye usukani. Usahihi wake ni mdogo zaidi, aghalabu kati ya digrii 1 na 2 kazi inapoendelea, na uchambuzi wake unachosha kwa sababu kila mshiriki huwa na video yake. Hata hivyo kuna kazi zinazoihitaji. Anayetaka kujua bingwa wa bao anatazama wapi kabla ya kucheza atakuta kwamba shimo la upana wa sentimita 6, likitazamwa kutoka sentimita 60, huchukua takriban digrii 5.7, yaani kosa la digrii 1 au 2 halitamfanya achanganye shimo na jirani yake, ilmradi jicho litue karibu na katikati.

Kamera ya kawaida ya kompyuta, kwa programu kama WebGazer iliyotoka Chuo Kikuu cha Brown mwaka 2016, inavutia kwa kuwa haina gharama. Kosa lake hufika digrii kadhaa, ambazo katika maandishi ni neno zima au zaidi, hivyo haifai kwa swali letu. Lipo pia jambo linalowahusu wengi wetu moja kwa moja: katika mwanga wa kawaida, mboni nyeusi iliyo ndani ya irisi ya kahawia iliyokoza karibu haitofautishiki. Melanini ya irisi haifyonzi sana infraredi, kwa hiyo chini ya mwanga huo irisi ileile hutoka kijivu na mboni hubaki nyeusi tii. Usimkubalie anayedai kwamba macho meusi hayawezi kurekodiwa. Yanarekodika vizuri sana kwa taa inayofaa.

Hatua ya tatu: chumba, kiti na hesabu ya digrii

Jua lina infraredi nyingi, na balbu za zamani za waya pia. Funga mapazia, geuza meza ili dirisha lisimpige mshiriki usoni wala lisiwe nyuma yake, na uache taa za juu zikiwa na mwanga uleule siku zote. Chumba cheusi kabisa nacho hakifai, kwa sababu mboni hupanuka mno na kope huanza kuifunika. Kompyuta zote na kifaa viunganishwe na betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya mshiriki wa arobaini utaelewa kwa nini nimelitaja.

Kiti kiwe kizito na kisichozunguka. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima ya data kwa sababu ya kiti cha ofisini chenye magurudumu: kila mshiriki alianza akiwa sentimita 60 kutoka kwenye skrini na kumaliza akiwa karibu 70, akirudi nyuma taratibu bila mimi wala yeye kutambua.

Umbali huo una uzito kwa sababu utafiti wa macho hupimwa kwa digrii za pembe. Ukubwa wa digrii 1 kwenye skrini ni mara mbili ya umbali, mara tanjiti ya nusu digrii. Kwa umbali wa sentimita 60 jibu ni sentimita 1.05. Skrini yenye upana wa sentimita 53 na pikseli 1,920 ina pikseli 36.2 kwa kila sentimita, kwa hiyo digrii 1 ni takriban pikseli 38. Kwa sentimita 70 ingekuwa pikseli 44. Pima skrini yako mwenyewe kwa rula. Usitegemee inchi zilizoandikwa kwenye boksi, kwani hizo hupima ulalo wa skrini.

Tumia fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, na uchague ukubwa utakaoleta herufi tatu hivi kwa digrii, yaani pikseli 12 au 13 kwa herufi. Neno "kimevunjika" sasa lina upana wa takriban pikseli 140, karibu digrii 3.7. Kiambishi "ki-" peke yake hakifiki hata digrii 0.7. Kifaa kilichorekebishwa vizuri kina kosa la wastani la digrii 0.5, ambalo hapa ni sawa na herufi moja na nusu. Mtafiti wa isimu ya Kibantu atashawishika kuchora eneo lengwa juu ya kiambishi na eneo jingine juu ya mzizi, kisha kutoa hoja kuhusu mofolojia. Kwa data ya namna hii hawezi kujua kwa uhakika jicho lilitua upande gani wa mpaka huo. Eneo lengwa liwe neno zima. Vilevile kila sentensi ikae kwenye mstari mmoja. Ukilazimika kutumia aya, acha angalau digrii 2 au 3 kati ya mistari, kwa sababu kosa la wima husababisha tuo la mstari wa tatu kuhesabiwa kwenye wa nne.

Hatua ya nne: vibali na ridhaa

Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya ni leseni ya NACOSTI, na Uganda ni UNCST. Juu ya hayo utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya taasisi yako. Anza mapema. Picha ya jicho na mwendo wake vinaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo data hii inaangukia chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya mwaka 2022 kwa Tanzania. Mpe kila mshiriki namba, na orodha ya majina uihifadhi mahali pengine. Fomu ya ridhaa iseme waziwazi kwamba kuna taa ya infraredi, kwamba macho yatarekodiwa, na kwamba mshiriki anaweza kuondoka wakati wowote bila kuulizwa sababu.

Hatua ya tano: kumpokea mshiriki na kufanya ugezi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kwa maoni yangu tafiti nyingi mbovu za macho huharibika katika dakika hizi kumi, na hakuna takwimu inayoweza kuziponya baadaye.

Mambo ya kuomba kabla ya siku yenyewe ni mawili: mshiriki aje na miwani yake kama anaitumia kusomea, na asipake maskara wala wanja. Wanja ni pambo la heshima kwa wanawake wengi wa pwani, na wapo wanaume wanaopaka pia, hivyo liseme mapema kwa adabu na ueleze sababu: mstari mweusi kwenye ukingo wa kope huonekana na kamera kama kipande cha mboni. Aliyekuja nao asirudishwe. Jaribu kupunguza eneo ambalo kamera inatafuta mboni, na uandike kwenye daftari. Hijabu haina tatizo. Kwa vifaa vinavyohitaji kibandiko kwenye paji la uso, na mshiriki amefunika paji, kibandiko kinaweza kukaa shavuni. Kama kuna haja ya kumgusa mtu ili kumweka sawa kwenye kiegemeo, muulize kwanza, na ni vizuri kuwa na msaidizi wa kike kwa ajili ya washiriki wa kike.

Miwani huzua vimeta vya ziada. Kabla ya kukata tamaa, mwombe mshiriki ainamishe kidevu kidogo, au sogeza taa upande mwingine. Mara nyingi kimeta cha kioo huhama na kile cha konea hubaki. Kisha chagua jicho la kurekodi. Mwambie anyooshe mikono, aunde tundu dogo kwa viganja, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, halafu afumbe jicho moja kwa zamu. Jicho ambalo kitu hakipotei likibaki wazi ndilo tawala.

Ugezi, au kalibresheni kama wengi wanavyoiita maabarani, ni kukifundisha kifaa kwamba mboni ikiwa hivi na kimeta hivi, mtu huyu anatazama hapa. Kitone hujitokeza mahali 5, 9 au 13 kwenye skrini, na mshiriki hukitazama. Kwa sentensi za mstari mmoja, baadhi ya maabara hutumia vitone vitatu vya mlalo. Mimi hupendelea 9, kwa sababu hunionyesha mapema kona ambayo kope inafunika mboni. Rangi ya nyuma iwe na mwanga uleule wa skrini za jaribio. Mwanga ukibadilika, mboni hubadilika ukubwa, na ikibadilika ukubwa katikati yake huhama kidogo, hivyo kifaa kitasema jicho limesogea ilhali halijasogea.

Maneno unayomwambia mshiriki yana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukisema tu "fuata kitone", wengi watajaribu kukisia kinakokwenda na kukitangulia. Mimi husema hivi: "Tafadhali tazama nukta iliyo katikati ya kitone. Kikihama, kifuate; usikitangulie. Utulie hapo mpaka kihame tena." Kisha huuliza kama ameelewa, na ndipo naanza.

Baada ya ugezi hufuata uhakiki: vitone vilevile huonyeshwa tena, na kifaa hulinganisha mahali kilipo kitone na mahali kinapodhani jicho lipo. Kosa la wastani liwe chini ya digrii 0.5 na kosa la kitone chochote lisipite digrii 1. Likizidi, rudia. Ukirudia mara tatu bila mafanikio, mpumzishe mshiriki, hakiki kiti na taa, ujaribu jicho la pili. Kuna mshiriki ambaye hatarekodika kwa namna yoyote; mshukuru, mlipe nauli uliyomwahidi, mwandike kwenye daftari, wala usimfanye ajisikie kwamba macho yake yana kasoro.

Tofautisha pia usahihi na uthabiti. Usahihi ni umbali kati ya alipotazama na palipoandikwa. Uthabiti ni kiasi cha kutapatapa kwa vipimo ilhali jicho limetulia. Mshale unaoangukia mahali palepale pembeni mwa shabaha kila mara una uthabiti bila usahihi. Kosa la usahihi hupeleka tuo kwenye neno la jirani, na kosa la uthabiti huvuruga programu inayotambua matuo.

Hatua ya sita: kurekodi

Anza na sentensi za mazoezi sita au nane. Kabla ya kila sentensi weka alama pale itakapokuwa herufi ya kwanza. Mshiriki akiitazama, kifaa hukagua kama kuna kupotoka na sentensi hufunguka. Kupotoka kukizidi digrii 0.5, rudia ugezi bila kusita. Baada ya baadhi ya sentensi uliza swali jepesi la ufahamu, la sivyo utakuwa unapima watu wanaopitisha macho tu.

Maelekezo unayotoa hubadilisha data. Alfred Yarbus, katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967, alimwonyesha mtu mmoja mchoro uleule wa Ilya Repin kwa maswali mbalimbali: mara akadirie umri wa watu waliochorwa, mara hali yao ya mali, mara akumbuke nguo zao. Njia za macho zilitofautiana waziwazi. Kwa utafiti wetu, msomaji akiambiwa atafute makosa ya sarufi atasoma kama mwalimu anayesahihisha. Mwambie tu asome kama kawaida ili ajibu maswali. Mpumzishe kila baada ya dakika 10 hadi 15, na baada ya kila mapumziko fanya ugezi upya.

Hatua ya saba: kusafisha data

Kinachotoka kwenye kifaa ni safu ndefu ya muda, nafasi ya mlalo, nafasi ya wima na ukubwa wa mboni. Kugeuza safu hiyo kuwa matuo ni uamuzi wa mtafiti, ingawa programu huuficha nyuma ya kitufe. Njia mbili za msingi, zilizoelezwa na Salvucci na Goldberg mwaka 2000, ni ya kasi na ya mtawanyiko. Ya kwanza huita mruko kila mwendo unaopita kizingiti, mara nyingi digrii 30 kwa sekunde, na hufaa data ya kasi kubwa. Ya pili hukusanya vipimo vilivyokaa ndani ya eneo dogo, tuseme digrii 1, kwa angalau milisekunde 100, na hufaa vifaa vya polepole. Ukibadilisha kizingiti, idadi na urefu wa matuo hubadilika, kwa hiyo kiamue kabla ya kuona matokeo.

Kupepesa hutanguliwa na kufuatiwa na mruko wa uongo wa wima, kwa sababu kope ikishuka hukata mboni na katikati yake huonekana imeshuka. Ondoa vipande hivyo. Katika usomaji ni desturi pia kuunganisha au kuondoa matuo ya chini ya milisekunde 80 na kuondoa yanayopita 800 au 1,000. Ondoa sentensi ambazo mshiriki alipepesa akiwa kwenye neno lengwa. Kisha tazama kila sentensi kwa macho yako mwenyewe, vitone vya matuo vikiwa juu ya maandishi. Kazi hii inachosha, lakini ndiko utakakogundua kwamba mshiriki wa 17 ana matuo yote nusu sentimita juu ya mstari.

Hatua ya nane: vipimo, takwimu na tafsiri

Kwa neno lengwa toa vipimo vinne vya muda. Cha kwanza ni muda wa tuo la kwanza. Cha pili ni jumla ya matuo kabla macho hayajaliacha neno kwa mara ya kwanza. Cha tatu ni muda wote tangu kuliingia hadi kulivuka kwenda kulia, ikijumlishwa na kurudi nyuma. Cha nne ni jumla ya muda wote wa kulitazama neno. Viwili vya mwanzo huakisi usindikaji wa mapema, na viwili vya mwisho huonyesha juhudi za kurekebisha. Toa pia kiasi cha neno kurukwa na kiasi cha kurudi nyuma. Maneno mafupi kama "na", "ya" au "wa" hurukwa mara nyingi, kwa hiyo usiweke swali lako juu ya kihusishi cha herufi mbili. Angalia vilevile neno linalofuata lengwa, kwani ugumu hutiririka kulia: huenda msomaji akapita "imevunjika" kwa amani na kukwama kwenye "tangu".

Matuo ya mtu mmoja hayajitegemei, wala sentensi moja kwa washiriki 80 si vipimo 80 huru. Tumia modeli mchanganyiko zenye nasibu ya washiriki na ya sentensi, yaani modeli za takwimu zinazozingatia kwamba washiriki hutofautiana na sentensi hutofautiana, na uchukue logi (logariti) ya muda, kwa kuwa muda wa kutazama huwa na mkia mrefu upande wa kulia. Amua mapema kipimo kikuu ni kipi. Mwenye vipimo sita na maeneo mawili ana nafasi 12 za kuangukia tofauti ya bahati nasibu.

Katika kutafsiri, kumbuka kwamba umepima mahali jicho lilipoelekea. Umakini unaweza kuhama bila jicho kuhama, jambo ambalo Hermann von Helmholtz alilionyesha katika karne ya 19 na Michael Posner akalipima vizuri mwaka 1980. Tena muda mrefu wa kutazama hauna maana moja: mtu hukaa kwenye neno gumu, kwenye neno la kufurahisha, na kwenye neno analolikodolea huku akiwaza chakula cha mchana. Tafsiri hutoka kwenye ulinganisho wa hali ulizozipanga, ndiyo maana tulihangaika na kiti na meza. Ramani za rangi nyekundu na kijani zinazopendwa kwenye mawasilisho hazipimi tofauti yoyote. Zitumie kuonyesha mfano.

Wapo wanaotaka kupima pia ukubwa wa mboni kama ishara ya juhudi za akili, kwa kufuata kazi ya Kahneman na Beatty ya mwaka 1966, iliyoonyesha mboni ikipanuka kadiri tarakimu za kukumbuka zinavyoongezeka. Inawezekana, lakini si katika jaribio hilihili. Mabadiliko hayo kwa kawaida hayafiki hata nusu milimita, huchelewa, humezwa kwa urahisi na mabadiliko ya mwanga, na kamera huiona mboni ndogo zaidi kila jicho linapotazama pembeni.

Hatua ya tisa: kuandika na kuhifadhi

Ripoti itaje aina ya kifaa, vipimo kwa sekunde, jicho lililorekodiwa, umbali, ukubwa wa skrini kwa sentimita na pikseli, fonti na upana wa herufi kwa digrii, idadi ya vitone vya ugezi, kosa la wastani lililopatikana kwenye uhakiki wa washiriki wako wenyewe (lile la tangazo la mtengenezaji halitoshi), njia na kizingiti cha kutambua matuo, na asilimia ya data iliyoondolewa kwa kila sababu. Eleza pia washiriki walilelewa wapi na wanazungumza Kiswahili gani nyumbani; "mzungumzaji wa Kiswahili" peke yake hakutoshi kwa swali kama letu.

Hifadhi faili ghafi bila kuligusa, pamoja na msimbo wa uchambuzi, sentensi zote na daftari la maabara lililopigwa chapa. Daftari hilo lina mstari mmoja kwa kila mshiriki, na mstari mzuri husomeka hivi: namba 23, miwani, jicho la kulia, ugezi mara tatu, uhakiki 0.4, umeme ulikatika baada ya sentensi ya 112, tukaanza tena kwa ugezi mpya.